Hitilafu ya uongozaji wa ndege Uingereza, 2023

Hitilafu ya uongozaji wa ndege Uingereza ya mwaka 2023 ilitokea siku ya Jumatatu, tarehe 28 Agosti 2023, wakati mfumo wa kompyuta wa shirika la NATS ulipoacha kupokea mipango ya safari za ndege. Safari zaidi ya 1,500 zilifutwa siku hiyo, na abiria zaidi ya 700,000 waliathirika. Hakuna ndege iliyoanguka wala kugongana na nyingine.

Chanzo

Kila ndege kubwa hutanguliwa na mpango wa safari unaotaja nukta za njia itakazopitia. Kila nukta hutambulishwa kwa herufi chache. Asubuhi ile ulipokelewa mpango wa ndege iliyotoka Los Angeles kwenda Paris kupitia anga ya Uingereza. Ndani yake nukta mbili zilikuwa na herufi zilezile, DVL: moja ya Devils Lake nchini Marekani, nyingine ya Deauville nchini Ufaransa. Umbali kati yao ni zaidi ya kilomita 6,000.

Programu ilichukua nukta isiyo sahihi, ikashindwa kutambua sehemu ya safari iliyohusu Uingereza. Ili isiwape waongozaji taarifa za uongo, ilijizima. Mfumo wa akiba ulipokea mpango uleule na, kwa kuwa ulitumia programu ileile, nao ulijizima. Yote hayo yalichukua chini ya sekunde 20.

Kazi ya mikono

Rada na redio ziliendelea kufanya kazi, hivyo waongozaji waliendelea kuziona ndege na kuzungumza na marubani. Mipango iliyokwisha kuhifadhiwa ilitosha kwa saa 4. Baada ya hapo wafanyakazi walilazimika kuingiza mipango kwa mikono. Kwa kawaida mfumo hushughulikia mipango mingi zaidi kwa saa, lakini kwa mikono iliwezekana takriban 60 tu.

Kwa sababu hiyo NATS ilipunguza idadi ya ndege zilizoruhusiwa kuingia katika anga yake, ili wingi wa ndege usizidi uwezo wa watu waliozihudumia. Usalama ulidumishwa, lakini gharama yake ilikuwa abiria wengi kukwama viwanjani, baadhi yao kwa siku kadhaa.

Mfumo ulirejeshwa alasiri, na vizuizi vyote viliondolewa jioni.

Uchunguzi

Uchunguzi huru ulioagizwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza ulitoa ripoti ya mwisho mwaka 2024. Ulieleza kwamba mhandisi aliyekuwa zamu alikuwa nje ya kituo, na alihitaji saa moja na nusu kufika ili kuuwasha upya mfumo. Watengenezaji wa programu waliitwa baada ya zaidi ya saa 4.

Tukio hilo lilionyesha kwamba akiba inayofanana na mfumo mkuu hurudia kosa lake. Lilionyesha pia kwamba binadamu anaweza kuchukua nafasi ya mashine iwapo kazi itapunguzwa kulingana na uwezo wake, na iwapo wenye ujuzi wa kurekebisha wako karibu.