Koti Jeupe Siyo Leseni

Tuseme umemaliza kidato cha nne, uko nyumbani tu. Mjomba ana rafiki yake mwenye kliniki ya meno mjini, anatafuta kijana wa kumsaidia. Unaanza Jumatatu. Wiki ya tatu daktari ametoka "mara moja", na mama mmoja anaingia, shavu limevimba, machozi yanamtoka. Anakuangalia wewe, maana umevaa koti jeupe. Utafanyaje?

Tanzania Bara ipo Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017. Kwa lugha nyepesi, kutibu meno ni kazi ya mtu aliyesomea, akasajiliwa na kupewa leseni. Daktari wa meno anasoma chuo kikuu miaka 5, halafu mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Tabibu wa meno naye amesoma chuo, na ana mipaka yake. Wewe uliyefundishwa hapo hapo kliniki huna usajili huo. Basi usiguse mdomo wa mgonjwa ila daktari akiwa pale chumbani anakuona. Kuelekezwa kwa simu siyo kusimamiwa.

Kung'oa, kuziba, kuandika dawa, siyo zako. Ganzi ndiyo kabisa. Kabla ya kuchoma lazima mtu ajue kama mgonjwa ana presha, ana mimba, au damu yake haikati upesi. Na jino likikatika, mzizi ukabaki ndani, utaanzia wapi?

Bosi akikwambia, "Ng'oa tu, si umeniona mara mia?", kataa kwa adabu. Kutumwa hakukutoi kwenye kosa.

Kazi zako ni kumpa daktari vifaa, kunyonya mate, kuchanganya dawa ya kuziba na, kubwa kuliko zote, kutakasa vifaa. Hii watu wanaidharau, kumbe ukiivuruga unaweza kumwambukiza mgonjwa homa ya ini B au virusi vya Ukimwi. Vaa glovu nene, sugua kwa brashi na sabuni mpaka damu yote itoke, suuza, kausha, ndipo uweke kwenye mashine ya mvuke: nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, ukihesabu tangu joto lifike hapo, siyo tangu uwashe. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi, kuna vijidudu vinavyostahimili maji ya moto.

Omba pia chanjo ya homa ya ini B kabla hujaanza kazi. Kwa kawaida ni sindano 3 ndani ya miezi 6. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiminye, sema siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndiyo vizuri. Ukiona aibu ukanyamaza, muda unapita.

Sasa yule mama. Kama anapumua au kumeza kwa shida, mdomo haufunguki, au uvimbe umeshuka shingoni au kupanda jichoni, asisubiri kitu, apelekwe hospitali sasa hivi. Kama siyo hivyo, mkalishe, mpigie daktari arudi, na umwambie wazi: "Mama, mimi ni msaidizi tu, daktari anakuja."