Kuku wa Handeni na Korogwe: faida inayoishia kwenye makucha ya mwewe

Mfugaji wa kuku wa kienyeji Handeni halilii soko. Lami ya kilomita 65 kutoka Korogwe hadi Handeni, na ile ya kilomita 54 kutoka Handeni hadi Mkata, imewafikisha wachuuzi wenye pikipiki na matenga mpaka kwenye magulio ya vijijini. Kuku aliyenunuliwa asubuhi huweza kuwa Dar es Salaam kabla jua halijazama, au akawa ameishia kwenye migahawa ya Korogwe na Segera inayolisha abiria wa mabasi ya Moshi na Arusha. Tatizo ni kwamba kuku wa kuuza hawatoshi, kwa kuwa vifaranga wengi hawafikii umri wa kuuzwa.

Tetea wa kienyeji anayejitafutia mwenyewe hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Hutamia siku 21, kisha huzunguka na vifaranga kwa wiki nyingi bila kutaga. Akiangua kumi, si ajabu wiki ya nane ikamkuta na wanne. Hasara hapo ni mbili: vifaranga sita wamekwenda, na tetea amepoteza muda ule ule ambao angeutumia kulea kumi.

Wanaowachukua wanajulikana. Mchana ni mwewe na nguchiro. Usiku ni kicheche, kanu na fungo, na kicheche akiingia bandani huua wengi kuliko anaokula. Kenge hufuata mayai. Mvua zikinyesha, siafu huweza kumaliza kuku anayetamia pamoja na vifaranga vyake kwa usiku mmoja.

Kwa wezi wa mchana, kizimba cha kuhamisha ndicho kinga ya gharama nafuu. Ni fremu isiyo na sakafu, imezungushiwa wavu na kuezekwa upande mmoja kwa ajili ya kivuli, na husogezwa kila siku kwenye majani mapya. Vifaranga huokota wadudu na mbegu, kinyesi hubaki shambani kama mbolea, na uchafu haurundikani mahali pamoja. Joel Salatin, mkulima wa Virginia, Marekani, aliyeueneza ufugaji huu, huweka kuku wa nyama 75 kwenye kizimba cha futi 10 kwa 12, chenye kimo cha futi 2. Kwa uwiano huo, kizimba cha futi 4 kwa 8 kinabeba kuku 20, hivyo kinawatosha tetea mmoja au wawili na vifaranga vyao.

Upande wa mbao, Korogwe imebarikiwa. Ni nchi ya mkonge, na mkonge ukishakomaa hutoa mlingoti mmoja mrefu kabla ya kufa. Mlingoti huo ukikauka huwa mwepesi, na wepesi ndio unaotakiwa, kwa sababu kizimba kisichoweza kusogezwa na mama peke yake kitasahauliwa mahali pamoja baada ya wiki moja. Gharama kubwa iko kwenye wavu. Wavu wa kawaida wa kuku humzuia mwewe, lakini nyoka hupenya kwenye matundu yake. Anayebana matumizi aweke wavu wa nusu inchi futi moja ya chini, na ule wa bei nafuu juu.

Ardhi nayo ina masharti yake. Kwenye tambarare za Korogwe kizimba hukaa sawasawa. Huko milimani, Bungu na Vugiri, mteremko huacha uwazi chini ya fremu, na nguchiro hahitaji nafasi kubwa; lazima uzibwe kwa mawe kila kinapohamishwa. Handeni shida ni kiangazi: majani yakikauka, kuhamisha kizimba hakumshibishi kuku. Pumba hazikosekani katika wilaya inayolima mahindi, lakini zinahitaji kuongezewa dagaa, mashudu au mchwa.

Usiku kizimba hakitoshi. Kuku walale kwenye banda lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye mlango unaofungwa, na nguzo zipakwe oili chafu ili siafu wasipande. Kutega sumu si suluhisho: humuua mbwa wa jirani, na mwewe anayepungua ni mla panya anayepungua.

Vilevile hakuna wavu unaozuia mdondo. Kuku wakibanwa pamoja, ugonjwa huo huenea haraka zaidi. Chanjo ya I-2 inayostahimili joto hutolewa kwa tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, na kijiji kikichanja kwa pamoja, gharama kwa kila kuku ni ndogo.

Mtaji unaweza kuanzia halmashauri. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya ufugaji huombea fedha hizo vifaranga vya Sasso au Kuroiler. Ni kuku wazuri, lakini mwewe hachagui mbegu. Kikundi kinachotaka kurejesha mkopo kianze na wavu, chanjo na banda la usiku. Vifaranga vya kununua vije baadaye.