Uzee na Nguvu za Mwanamume

Barazani baada ya sala ya alasiri, wazee hutaniana kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini moshi huo una chanzo chake mwilini.

Chini ya ubongo mna tezi ndogo, kadiri ya mbaazi, iitwayo pituitari. Hiyo ndiyo nahodha: hutuma amri kwa njia ya damu, na korodani huitikia kwa kutengeneza testosteroni, homoni ya kiume. Mwanamume akipita miaka 40 hivi, homoni hiyo hupungua kama asilimia 1 kila mwaka. Korodani zikichoka, nahodha huzidi kupaza sauti.

Basi sikilizeni, enyi mabwana mnaonunua sindano za nguvu kwa siri. Testosteroni ikitoka nje, nahodha hudhani kazi imekwisha, akanyamaza. Korodani nazo hupunguza mbegu au huziacha kabisa. Mzee aliyeoa akitaraji mtoto hujifungia mlango mwenyewe.

Tena si kila uchovu ni uzee: unene na kisukari pia huishusha homoni hiyo. Kapimwe damu asubuhi, wakati inapokuwa juu, kisha daktari aamue. Mficha uchi hazai.