Majina Yaliyoachwa Njiani

Mwandishi wa programu, aandikapo kwa lugha kama C, huviita vitu kwa majina ayajuayo mwenyewe, fedha ya mteja akaiita salio na hesabu ya faida akaiita kokotoa_faida. Lakini prosesa haifahamu ila tarakimu, na kuifasiri hati ile iwe amri za tarakimu ndiyo kazi ya kompaila. Baada ya tafsiri hiyo salio si salio tena: katika kompyuta nyingi za leo huweza kuwa baiti 8 tu zilizokaa chini kidogo ya anwani itunzwayo katika rejista iitwayo rbp.

Maadamu programu yaenda salama, upotevu huo haumdhuru mtu. Siku inapoanguka, fundi hufungua GDB, chombo cha kuchungulia programu alichokianzisha Richard Stallman mwaka 1986, akauliza ni funksheni ipi iliyoiita ipi hata mauti yakafika. Naye, badala ya kujibiwa kwamba ni mstari wa 42 wa faili la akiba.c, huletewa anwani ndefu ianzayo na 0x, na kando yake alama mbili za kuuliza: ??. Mstari wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Nimekesha mbele ya alama hizo, kalamu mkononi, nikitoa anwani moja katika nyingine ili nikisie nilipo, na najua jinsi zinavyochosha.

Kompaila haikusahau, haikuagizwa. GCC, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, ikipewa agizo la -g hutunga daftari kwa mtindo uitwao DWARF, lenye kueleza kila anwani imetokana na mstari upi, na kila kigeu, mfano wa salio, ni cha aina gani na kimekaa wapi. Bila ya agizo hilo majina ya funksheni aghalabu husalia, lakini programu iitwayo strip, ipitishwayo kabla ya kusambaza, huyafagia nayo. Kwani daftari huweza kuwa kubwa kuliko amri zenyewe, na wauzaji hawapendi wageni wasome ya ndani. Sababu zote mbili nazikubali. Nisilolikubali ni kulitupa daftari lenyewe.

Wako wadhanio kwamba -g huipunguzia programu mwendo, na dhana hiyo si sahihi, kwa kuwa GCC huazimia kutoa amri zilezile, ipewe -g au isipewe. Lenye kuvuruga ni agizo la -O2, ambalo kwalo kompaila huchanganya funksheni na kuviondoa vigeu isivyovihitaji, hata mwenye daftari akaambiwa kwamba thamani ya salio haipo.

Dawa ni nyepesi: kabla ya strip, daftari hutolewa kwa programu iitwayo objcopy likawekwa katika faili la pembeni, na programu na faili hilo vikatambuana kwa alama moja, ambayo kwa desturi ni ya tarakimu 40. Tangu mwaka 2019 mradi wa elfutils umeleta debuginfod, seva imkabidhiyo fundi daftari lililo sawasawa na alama aliyoipeleka. Kuijenga programu upya baada ya ajali si badala yake, kwani toleo la kompaila likiwa jingine anwani huhama. Hivyo faili la pembeni la kila nakala iliyotoka hutunzwa madhali yuko mtu mmoja angali akiitumia nakala hiyo.