Samadi ya Kondoo: Naitrojeni Iliyotiwa Alama (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia zizini alfajiri, pale harufu inapochoma macho kabla kondoo hawajafunguliwa. Harufu ile ni amonia, yaani naitrojeni ya samadi inayotoroka. Leo tuna swali gumu zaidi. Mahindi yakinawiri baada ya samadi kutiwa kwenye luseni, udongo wetu wa kichanga wa Usukuma, naitrojeni yake imetoka kwenye kinyesi, kwenye mkojo, au ilikuwamo ardhini siku zote?

Mfugaji wa Shinyanga humtia ng'ombe wake alama ya moto ili amtambue hata akichanganyika na kundi la jirani. Atomu nazo hutiwa alama. Karibu naitrojeni yote ina protoni 7 na nyutroni 7, lakini katika kila atomu 1,000, kama 4 hivi zina nyutroni 8. Hiyo ndiyo naitrojeni-15: nzito kidogo, haina mionzi, haimdhuru kondoo, na ipo mashine inayoitofautisha kwa uzito.

Basi nyasi hukuzwa kwa mbolea iliyojazwa naitrojeni-15, hukatwa, hukaushwa, kisha hulishwa kondoo. Siku chache tu, kinyesi na mkojo wake vina alama. Ustadi ulionivutia zaidi ni huu: vyote viwili hukusanywa mbalimbali, kisha kinyesi chenye alama huchanganywa na mkojo usio nayo, fungu jingine hufanywa kinyume chake. Mmea uliokuzwa kwa kila fungu ukivunwa na kupimwa, asili ya chakula chake inajulikana. Watafiti wa Denmark walifuata njia hii kwa samadi ya kondoo miaka ya 1990.

Mkojo hauna subira. Yurea yake huvunjika kuwa amonia ndani ya siku chache. Mmea usipoiwahi, upepo huichukua. Kinyesi huachia sehemu ndogo tu kwa zao la kwanza, na kilichobaki hukaa udongoni kikitoka kidogo kidogo miaka inayofuata. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, kule Geita, ataelewa upesi: kinyesi ni kama marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado una dhahabu ndani.

Kwa hiyo anayezoa kinyesi kikavu peke yake ameshapoteza ile sehemu ya haraka. Ndugu zangu, tandikeni zizini mabua ya mahindi, haya tunayoyachoma kila mwaka kabla ya kulima, yanywe mkojo. Yana shida moja: vijidudu vinavyoyaozesha huinyang'anya mimea naitrojeni hiyohiyo kwa muda. Tutaanzia hapo wiki ijayo.