Hesabu za Joto Zinapopotoshwa na Mnururisho

Bamba la chuma lililopakwa rangi nyeusi na kuanikwa juani hupoteza joto kwa njia mbili. Sehemu ya joto huchukuliwa na hewa inayolipitia. Sehemu nyingine hutoka kwa mnururisho, yaani husafiri kama mawimbi yasiyohitaji hewa ya kuyabeba. Anayebuni mtambo wa kupashia maji kwa jua huiachia kompyuta iige hali hiyo kwa hesabu, na taabu nyingi huanza pale mnururisho unapoingizwa.

Mwaka 1879, huko Vienna, Josef Stefan alionyesha kwamba joto linalonururishwa hufuata kipeo cha nne cha halijoto. Ludwig Boltzmann alilithibitisha jambo hilo kwa nadharia mwaka 1884. Halijoto ikiwa maradufu, mnururisho huwa mara 16. Lakini halijoto hiyo sharti ipimwe kwa Kelvini, yaani nyuzi za Sentigredi zikijumlishwa na 273.

Hebu tuchukue bamba linalopokea wati 800 kwa kila meta ya mraba, nyuma yake pamezibwa joto lisipite. Hewa na mazingira yana nyuzi 30, na kwa kila uzi mmoja bamba linapoizidi hewa, hewa huchukua wati 5. Tuseme pia kwamba bamba linanururisha kikamilifu. Jibu sahihi ni karibu nyuzi 90: hewa huchukua wati 300 hivi, mnururisho wati 500.

Sasa mwanafunzi asahau Kelvini, aandike 30 badala ya 303. Kompyuta haitanung'unika. Itatoa jibu la zaidi ya nyuzi 178, na mwanafunzi akilinganisha joto linaloingia na linalotoka, ataona wati 800 kwa 800! Ulinganifu huo hauthibitishi kitu, kwa kuwa kanuni yenyewe imelishwa namba zisizo zake. Kosa litaonekana akitenganisha njia mbili za joto: hewa wati 742, mnururisho wati 58 tu. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa baya kuliko yote, maana liko kimya.

Kosa la pili lina makelele. Kompyuta hukadiria halijoto, hutafuta mnururisho wake, kisha hutumia jibu hilo kupata halijoto mpya. Katika mfano wetu, ikianzia Kelvini 303 itapata 463, kisha 38, kisha 559, halafu 545 chini ya sifuri, jambo lisilowezekana ulimwenguni. Wanaoanza huilaumu mashine. Kumbe kipeo cha nne kimelikuza kila kosa dogo la makadirio hata likalizidi lile lililotangulia. Dawa yake ni kwenda nusu ya njia tu kila hatua: 303, 383, 349, 370, 358, na kuendelea hadi namba zitulie karibu na 363. Mwenye kikokotoo aijaribu darasani, haichukui muda.

Limebaki suala la uso wa kitu. Alumini iliyosuguliwa ikang'aa hunururisha kama sehemu 5 tu katika 100 za kile ambacho uso mkamilifu ungetoa. Masizi hutoa karibu 95. Macho nayo hudanganya, kwani rangi ya kawaida ya nyumba, hata ikiwa nyeupe, kwa halijoto hizi hunururisha karibu sawa na nyeusi, ingawa juani hupokea joto kidogo zaidi. Kwa hiyo namba inayoelezea uso isinakiliwe kutoka hesabu ya jirani. Sufuria ile ile, siku inapotoka dukani na baada ya kupikiwa kwa kuni mwezi mzima, ni vitu viwili tofauti mbele ya kanuni ya Stefan.