Fahamu: Thamani ya Dola za Sarafu Zilizokwisha Tumika

Ama sarafu za dola moja za Marekani, zile za Susan B. Anthony zilizoanza kupigwa mwaka 1979 na zile za Sacagawea za mwaka 2000, ambazo mng'ao wake huwahadaa wengi ilhali hamna ndani yake hata chembe ya dhahabu, aghalabu hazizidi dola yenyewe zikishapita mikononi mwa watu, kwa kuwa zilipigwa kwa mamilioni. Mwenye kutaka faida na atafute kasoro: baadhi ya dola za George Washington za mwaka 2007 zilitoka bila maandishi ukingoni, na wakusanyaji huzilipia zaidi. Adimu mno ni ile dola ya Sacagawea ya mwaka 2000 iliyopigwa, kwa kughafilika kwa mafundi, sura ya robo dola upande mmoja.